Maoni Yetu: Picha ya setilaiti haimtaji mkosaji

Mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu ulikauka wakati wa kiangazi. Haukupungua tu kama watu walivyouzoea. Ulikatika kabisa, na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha viboko wakabaki wamebanana kwenye madimbwi ya tope. Tangu hapo kukatika kwa mto kukawa jambo la kila kiangazi. Kila mgawo wa umeme ulipobana, watu walitazama bwawa la Mtera lililo kwenye mto huo, kisha wakapandisha macho juu zaidi, kwenye bonde la Usangu na ardhioevu ya Ihefu, na huko wakamwona mfugaji na ng'ombe wake. Mwaka 2006 ikaanza operesheni ya kuwaondoa wafugaji Usangu, na wengi wakaswagwa na mifugo yao hadi Lindi na kwingineko. Mwaka 2008 eneo hilo likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha.

Picha za setilaiti za Usangu zilikuwapo muda wote huo. Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa na Marekani Julai 1972, na nyingine zilizofuata zimeendelea kupita juu ya vichwa vyetu hadi leo. Watafiti waliolinganisha picha za miaka ya 1980 na zile za mwaka 2000 waliona mashamba yametanuka na ardhioevu imesinyaa. Hapo ndipo picha ilipoishia. Nani aliyachukua maji, hilo lilijulikana kwa watu kushuka bondeni, wakafuata mifereji mmoja mmoja na kupima maji yanayoingia na yanayotoka. Walichokikuta ni kwamba kiangazi maji yalichepushwa kabla hayajaifikia Ihefu, yakaelekezwa kwenye mashamba ya mpunga, mengine yakipita kwenye mifereji hata pale ambapo shambani hapakuwa na zao la kunyweshwa. Kilimo cha umwagiliaji Usangu kilikuwa kimeongezeka mara kadhaa tangu 1970, na sehemu ya ongezeko hilo ilianzia kwenye mashamba makubwa yaliyojengwa kwa mipango ya serikali yenyewe. Ng'ombe walikuwapo, na walikanyaga walipokanyaga. Lakini waliofanya kazi ya kupima hawakusema kwamba ng'ombe ndio waliokausha mto.

Tunalikumbusha jambo hili kwa sababu nchi zetu sasa zinajenga uwezo mkubwa wa kutazama ardhi kutoka angani, na tunaunga mkono kila shilingi inayotumika huko. Tanzania ina Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Nairobi kuna kituo cha kikanda cha RCMRD kilichoanzishwa 1975, kinachohudumia nchi nyingi za mashariki na kusini mwa Afrika. Data yenyewe, ambayo zamani picha moja iliuzwa kwa mamia ya dola, ilifunguliwa kwa umma bila malipo mwaka 2008. Leo mwanafunzi mwenye kompyuta na bando anaweza kuitazama wilaya yake mwaka kwa mwaka tangu miaka ya 1980. Kwa hiyo shida yetu haiko tena kwenye picha. Iko kwenye hukumu zinazotolewa kwa picha peke yake. Tunasema wazi: hakuna mtu anayestahili kuhamishwa, kutozwa faini au kunyimwa malisho kwa sababu ramani imebadilika rangi, mpaka aende mtu kwa miguu yake akajue kwa nini imebadilika.

Ni vizuri kila anayefanya maamuzi ya ardhi ajue kinachopimwa ni nini. Jani lenye afya hunyonya mwanga mwekundu ili kujitengenezea chakula, na hurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi, ambao jicho letu haliuoni. Setilaiti hupima mianga hiyo miwili. Tofauti yake ikigawanywa kwa jumla yake, hupatikana namba kati ya hasi moja na chanya moja. Maji huangukia chini ya sifuri, udongo mtupu hukaa juu yake kidogo, na msitu mzito hukaribia 0.8 au 0.9. Wataalamu huiita namba hiyo NDVI. Ndiyo iliyomwezesha Compton Tucker na wenzake wa NASA, kuanzia miaka ya 1980, kuchora ramani ya uoto wa Afrika nzima na kuonyesha kwamba mpaka wa Sahara husogea kusini mwaka wa ukame na kurudi kaskazini mvua zikinyesha. Kabla ya hapo ilikuwa ikisemwa kwa uhakika mkubwa kwamba jangwa linasonga mbele kila mwaka bila kurudi.

Namba hiyo inapima ukijani. Haipimi malisho wala chakula, na haijui mti ni wa nani. Picha ya Landsat imeundwa kwa vipande vya mita 30 kwa 30, yaani chini kidogo ya robo eka, na kila kipande hupewa namba moja tu. Chukua robo eka yoyote ya kijijini: pana mwembe mkubwa, mihogo, njia ya ng'ombe, bati la nyumba na choo. Vyote vinachanganywa kuwa namba moja. Setilaiti za Ulaya za Sentinel-2, zilizoanza kurushwa 2015, zimeshuka hadi mita 10, na hayo ni maendeleo makubwa. Hata hivyo, mchoma mkaa anayepita porini akichagua mti mmoja mnene hapa na mwingine kule haonekani kirahisi. Anaacha vichaka, vichaka vinachipua, na namba inabaki palepale huku msitu ukiisha nguvu kutoka ndani. Athari ya mkaa na mbao kuzunguka Dar es Salaam ilifahamika vizuri kwa sababu watafiti waliingia msituni kwa miguu, wakarekodi miti iliyosimama na iliyokatwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba mawimbi ya uvunaji yalisogea kilomita 120 kutoka jijini ndani ya miaka 14: kwanza hutangulia mbao za thamani, nyuma yake hufuata mkaa. Na chanzo cha mkaa huo hakiko Kisarawe wala Rufiji, kiko kwenye majiko ya Ilala, Temeke na Kinondoni. Ukimkamata kijana mwenye baiskeli na magunia mawili, chanzo umekiacha mjini.

Halafu kuna majira, na hapa ndipo makosa ya kizembe yanapofanyika. Misitu ya miombo, inayofunika sehemu kubwa ya Tabora, Katavi, Lindi na Ruvuma, hupukutisha majani kiangazi. Ukilinganisha picha ya Aprili ya mwaka mmoja na ya Septemba ya mwaka mwingine utaona maafa yasiyokuwapo. Hata ukilinganisha mwezi kwa mwezi ule ule, bado mvua inadanganya. Mwaka 2017 kaskazini mwa Kenya kulikuwa na ukame. Vuli ya 2019 ikaleta mvua kubwa mno. Kuanzia mwishoni mwa 2020 mvua zikakosekana misimu mitano mfululizo. Mradi wowote wa kupanda miti Marsabit au Isiolo ulioanza 2017 na kutathminiwa mwanzoni mwa 2020 ungeonekana umefaulu sana. Ule ule ukitathminiwa 2022 ungeonekana umekufa. Mvua ndiyo iliyofaulu na mvua ndiyo iliyokufa.

Wataalamu wana njia ya kulitatua hili, na tungependa iwe ya lazima katika kila ripoti inayowekwa mbele ya waziri. Kwa eneo moja huchukuliwa mvua na ukijani wa miaka ishirini au zaidi, ikatafutwa mvua ya kiasi fulani huleta ukijani wa kiasi gani. Kisha kila mwaka hutazamwa: je, kijani kilichoonekana ni kile ambacho mvua ilistahili kukileta, au kimezidi, au kimepungukiwa? Kinachobaki baada ya kuondoa sehemu ya mvua ndicho kinachotakiwa kutafutiwa sababu kwa binadamu, mifugo, moto au wadudu. Mwaka wa ukame nyika ikikauka na hesabu ikaonyesha kwamba hakuna pungufu lolote zaidi ya lile la mvua, basi mfugaji hana la kujibu. Na mvua ikiwa nzuri huku nyika ikibaki kipara miaka mitano, hapo kweli pana la kuulizana.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni kumtetea anayeharibu. Sivyo. Kosa la kuisoma picha bila kuuliza linaumiza pande zote, na pengine linaficha uharibifu badala ya kuufichua. Baringo, nchini Kenya, ni mfano tunaotaka kila afisa mazingira aujue. Miaka ya 1980 uliletwa huko mti wa mathenge, kwa mradi ulioungwa mkono na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ili watu wapate kuni na udongo uzuiwe kumomonyoka. Mathenge ulishika. Mizizi yake huenda chini sana kutafuta maji, kwa hiyo hubaki kijani wakati majani mengine yote yamekauka. Watafiti waliotumia picha za Landsat wamekadiria kwamba eneo lililovamiwa Baringo lilikuwa chini ya hekta 1,000 mwaka 1988, na lilipita hekta 18,000 mwaka 2016.

Mtu aliyekaa ofisini akitazama namba ya ukijani wa uwanda wa Marigat angeona ardhi inayopona. Waulize Wailchamus wanaoishi hapo. Mathenge umefunika malisho ya nyasi na kuziba njia za kwenda majini. Miiba yake hutoboa kwato na matairi. Mbuzi wakila maganda yake matamu kwa wingi, meno huoza na kung'oka, na mbuzi asiye na meno hufa njaa akiwa amezungukwa na kijani. Mwaka 2006 jamii hiyo iliipeleka serikali mahakamani, ikamleta na mbuzi kibogoyo kama ushahidi. Tunalitaja kwa heshima kubwa, kwa sababu mbuzi yule alithibitisha jambo ambalo hakuna chombo cha angani kingelithibitisha.

Ramani nzuri za mathenge zilizopo leo, zinazoutofautisha na migunga ya asili, zilipatikanaje? Watu walikwenda na vifaa vya GPS, wakasimama mahali hapa na pale, wakaandika: hapa ni mathenge, hapa ni mgunga, hapa ni shamba la mahindi. Alama hizo zikaifundisha kompyuta kuisoma picha. Bila hao waliochomwa na miiba, picha ingeendelea kusema "kijani" na kunyamaza.

Kuna sababu nyingine ambazo hazionekani hata ukienda shambani, kwa kuwa ziko kwenye majalada. Msitu wa Mau, nchini Kenya, ulipomegwa mwaka 2001, zaidi ya hekta 60,000 ziliondolewa kwenye hadhi ya msitu kwa tangazo la serikali. Setilaiti iliona miti ikiondoka baada ya hapo na mashamba yakiingia. Haikuona tangazo. Miaka ilipopita na maji yakaanza kuwa taabu, walioonekana kwenye picha ni wakulima wenye mapanga, na ndio waliobomolewa nyumba. Wale waliogawa hawakuonekana kwenye picha yoyote. Kwa hiyo tunaposema sababu iandikwe, tuna maana iandikwe pamoja na kibali kilichotolewa, tarehe yake na ofisi iliyokitoa. Upande wa pili pia upo: kule Sao Hill, Mufindi, misonobari ikivunwa kwa mpango na kupandwa tena, takwimu za dunia za upotevu wa miti huihesabu kama hasara mwaka ule ule. Anayeichukua namba ya wilaya bila kujua kwamba pana shamba la miti la serikali atapiga kelele mahali pasipostahili na kunyamaza panapostahili.

Shinyanga inatupa sababu ya kuamini kwamba kazi hii inaweza kufanyika vizuri. Huko miti ilifyekwa kwa miongo mingi, kwanza katika vita dhidi ya mbung'o wakati wa ukoloni, kisha kwa pamba, kuni na wingi wa mifugo, hadi mkoa ukaitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ulipoanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ngitili zilizoorodheshwa zilikuwa takriban hekta 600. Ngitili ni eneo ambalo Wasukuma hulifunga wakati wa mvua ili nyasi na miti vikue, kisha hulifungulia kiangazi kinapobana. Mradi ulianza na kugawa miche, na miche mingi haikufika mbali. Kilichofaulu ni kuwasikiliza wenyeji: kulifunga eneo, kuviacha visiki vilivyo hai ardhini vichipue, na kuziachia sungusungu na mabaraza ya jadi kazi ya kulinda na kutoza faini. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilizorejeshwa zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800, na mwaka 2002 mradi ukapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Kutoka juu, ngitili nyingi ni vichaka tu katikati ya mashamba. Mgeni angeweza kuziandika kama ardhi iliyotelekezwa, na ardhi inayoitwa imetelekezwa haikosi mwekezaji wa kuiomba. Ni mwenye ngitili anayejua kwamba kichaka kile ni akiba ya ng'ombe wake wa Septemba, ni dawa, ni fito za kuezekea, na ni saa kadhaa ambazo mama wa nyumba ile hatembei tena kutafuta kuni. Ukiyajua hayo, picha ya setilaiti inakuwa kitu cha thamani kubwa sana: unaiona ngitili ikikua mwaka kwa mwaka, unajua ni ya nani na kwa nini inakua, na ikianza kupungua unajua wa kumwuliza.

Serikali zichapishe kila mwaka, kwa kila wilaya na kaunti, eneo la uoto lililopotea na lililorudi, na sababu iliyothibitishwa. Brazil imefanya hivyo kwa msitu wa Amazon tangu 1988 kupitia taasisi yake ya utafiti wa anga, INPE, na data hiyo ilikuwa nguzo mojawapo ya juhudi zilizoshusha ukataji kutoka karibu kilomita za mraba 27,800 mwaka 2004 hadi karibu 4,600 mwaka 2012. Mwaka 2019 rais wa nchi hiyo alipozikasirikia takwimu, mkurugenzi wa INPE, Ricardo Galvão, aliondolewa. Lakini takwimu zilikuwa zimekwisha kuwa mali ya umma, na hakuna aliyeweza kuzirudisha kabatini. Tunataka za kwetu ziwe wazi namna hiyo. Makadirio ya kitaifa ya Tanzania yamekuwa yakitaja upotevu wa takriban hekta 470,000 za misitu kwa mwaka. Namba kubwa namna hiyo, isipogawanywa kwa wilaya na kwa sababu, haimfanyi mtu yeyote awajibike.

Kinachohitajika kwa uthibitisho huo si mitambo mipya. Afisa maliasili wa wilaya tunayemfahamu sisi ana kata nyingi za kuzungukia, pikipiki moja ya ofisi na mafuta ya kubahatisha. Yeye ndiye anayepaswa kufika kwenye kila eneo ambalo picha imelitilia shaka, akiwa na mtendaji wa kijiji na wazee wanaolijua pori lile, akapiga picha, akahesabu visiki na kuandika majibu ya watu. Tunaona ajabu kwamba warsha ya siku tatu ya kujifunza programu za ramani hupata fedha kwa urahisi huku lita ishirini za petroli za kwenda kuhakiki ramani hiyo zikikosekana. Bajeti ya ufuatiliaji isiyo na fungu la kwenda uwandani isipitishwe na baraza la madiwani.

Na ramani irudi kijijini. Ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji, ijadiliwe kwenye mkutano mkuu, watu wapewe nafasi ya kusema hapa mmekosea, huu si msitu, ni mikorosho ya fulani. Hapa si malisho yaliyokwisha, ni moto wa mwaka jana. Haki hii inahitajika kwa haraka zaidi sasa kwa sababu ya fedha za kaboni. Wahadzabe wa Yaeda, wilayani Mbulu, wameonyesha kwamba jamii inayolinda msitu wake inaweza kulipwa, na huko vijana wa doria hutembea porini na kutoa taarifa badala ya kusubiri kuambiwa na picha. Vijiji vingine vingi vinafuatwa leo na kampuni zenye mikataba ya miaka thelathini au zaidi, ambamo malipo hutegemea kinachoonekana kutoka angani. Kijiji kisisaini kabla hakijaonyeshwa picha za msitu wake za miaka kumi iliyopita, kikaelezwa mvua ya miaka hiyo imehesabiwaje, na kikaandikiwa kwenye mkataba ni nani atakayekuja kuhakiki kwa miguu, kwa gharama ya nani, mwaka ambao picha itasema miti imepungua.